Samadi ya Wakara

Mwezi wa Septemba 2018 jina la kisiwa cha Ukara lilikuwa katika kila kinywa nchini Tanzania. Tarehe 20 ya mwezi huo kivuko cha MV Nyerere, kilichotoka Bugorora katika Ukerewe kikiwa kimejaa abiria, wengi wao wakirudi kutoka gulioni, kilipinduka kilipokaribia gati la Bwisya, na watu zaidi ya 200 wakafa maji. Matanga yalipokwisha, walio wengi walilisahau tena jina hilo. Lakini miongoni mwa wachunguzi wa kilimo Ukara ilikuwa na sifa miaka mingi kabla ya msiba ule, na sifa hiyo ilitokana na kitu ambacho mtu wa adabu hapendi kukitaja penye chakula, yaani mavi ya ng'ombe.

Katika kurasa hizi nataka kueleza jinsi watu wa kando ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Mwanza, walivyoilisha mimea yao, na swali langu ni moja. Kwa nini Mkara alibeba samadi kichwani mpaka shambani miaka nenda miaka rudi, hali Msukuma wa bara, mwenye ng'ombe wengi kumshinda, aliliacha zizi lake lijae mpaka akahama? Zamani watu wenye mamlaka walilijibu swali hili kwa haraka. Jibu lao likageuka sheria, na sheria ikazaa ugomvi. Kwa hiyo habari ya samadi si ya wakulima peke yao. Ni habari ya nani alihesabiwa kuwa anajua, na nani alihesabiwa kuwa mjinga.

Ukara ni kisiwa kidogo kaskazini ya Ukerewe. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 80, na sehemu yake isiyo ndogo ni vilima vya mawe na majabali ya itale ambayo hayalimiki. Udongo wake ni kichanga chepesi kilichomeguka katika mawe hayo. Maji hupita ndani yake upesi na kuchukua chakula cha mimea. Hata hivyo, katika miaka ya 1960, mchunguzi wa Kijerumani Heinz-Dieter Ludwig alipokichungua kisiwa hicho, kilikuwa na watu wapatao 16,000, yaani karibu watu 200 katika kila kilomita ya mraba. Msongamano wa namna hiyo ulijulikana Kilimanjaro na Rungwe, ambako ardhi ni ya volkeno na imejaa neema. Juu ya kichanga cha itale ulikuwa jambo la kushangaza. Miaka 30 kabla yake, D. Thornton na N.V. Rounce walikuwa wamekwisha kuishangaa hali hiyo katika makala waliyoichapisha mwaka 1936 katika toleo la kwanza la jarida la Tanganyika Notes and Records. Mengi tunayoyajua juu ya kilimo cha kale cha Wakara yametoka katika mikono hiyo, na kwa bahati nzuri walikuwa watu waliotazama kwa makini.

Ng'ombe wa Mkara aliishi ndani ya nyumba ya mwenyewe. Sehemu yake ilichimbwa ikawa chini kuliko sakafu ya watu, na humo akaletewa majani kwa mikono ya watu. Mabaki ya majani, mkojo na mavi vilichanganyika chini ya kwato zake, vikashindiliwa, vikaoza pole pole gizani, na shimo lilipojaa likachotwa. Yafaa tusimame hapa kidogo, maana ndipo penye ufundi. Katika chakula anachokitoa ng'ombe, karibu nusu ya naitrojeni, na sehemu kubwa ya potasiamu, imo katika mkojo wala haimo katika mavi. Katika zizi la wazi mkojo hunywewa na ardhi au hugeuka hewa juani, na mvua huosha kilichobaki; anayechota samadi ya zizi hilo huchota mabaki tu. Mkara aliyemweka ng'ombe wake juu ya matandiko ya majani, chini ya paa, aliunasa mkojo wote. Hakuna mkemia aliyemfundisha. Justus von Liebig alichapisha kitabu chake mashuhuri juu ya kemia na kilimo mwaka 1840, na majaribio ya Rothamsted katika Uingereza yakaanza mwaka 1843. Lakini elimu hiyo ilifika kando ya ziwa letu pamoja na wakoloni, wakati shimo la ng'ombe la Ukara lilikuwa tayari mazoea ya watu.

Majani yenyewe yalitafutwa kwa taabu, kwa kuwa kisiwa hakikuwa na malisho ya kutosha. Miti ilikuwa na wenyewe, na majani yake yalikatwa yakawa chakula cha ng'ombe. Kando ya vijito na ukingoni mwa ziwa Wakara walichimba mashimo mapana mpaka wakafikia unyevu, wakapanda humo majani ya malisho, wakayakata na kuyapeleka nyumbani. Nadhani msomaji aliyezoea kusikia kwamba Mwafrika wa zamani hakupanda majani, bali aliyaokota tu, atapenda kulisoma neno hili mara mbili.

Juu ya samadi Wakara waliongeza mbolea ya pili, nayo ni ya mmea unaokuzwa ili uzikwe. Katikati ya uwele walipanda mmea wa jamii ya ule unaoitwa marejea. Uwele ulipovunwa, mmea huo ulibaki shambani ukaendelea kukua, kisha ukafukiwa kwa jembe uoze. Katika mizizi ya jamii hiyo hukaa vijidudu vinavyoivuta naitrojeni iliyomo katika hewa na kuifanya chakula. Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, ndio waliolithibitisha jambo hilo katika miaka ya 1886 hadi 1888. Mzunguko wa mashamba ya kichanga ulikuwa wa miaka mitatu. Uwele ulitawala, njugu mawe na mtama zikaingia kwa zamu, na mbolea ya majani ikazikwa mara moja katika mzunguko. Shamba halikupumzishwa kabisa. Penye miteremko walijenga kingo za mawe, na mabondeni walilima mpunga.

Hayo yote yalikuwa na bei, na bei yenyewe ni jasho. Tuchukue hesabu ya kawaida. Eka moja ya kichanga yahitaji tani kadhaa za samadi ili tofauti ionekane; tuseme 3. Kikapu kimoja kikichukua kilo 20, hiyo ni safari 150 kwa eka moja, mtu akienda amebeba na kurudi mtupu. Ongeza safari za majani, maana kabla samadi haijapanda kwenda shambani, majani yalikwisha kushuka kutoka mitini na kupanda kutoka ziwani. Mkara hakuwa na mkokoteni wala njia ya kupitisha mkokoteni kati ya yale mawe. Alikuwa na kichwa na shingo.

Kiswahili kina maneno matatu ambayo yanafaa kupimwa hapa. Samadi tumeipata kwa Waarabu. Mbolea ni yetu. Yaelekea ina undugu na mzizi wa kale wa Kibantu wenye maana ya kuoza, ambao katika lugha nyingi za bara, Kisukuma kikiwamo, husikika mpaka leo katika kitenzi kubola. La tatu ni rutuba, nalo ndilo linalonipendeza zaidi, kwa sababu katika Kiarabu maana yake ni unyevu. Sisi tumelihamisha tukalipa maana ya nguvu ya ardhi, na katika kichanga cha ziwani uhamisho huo hauna kosa. Samadi iliyooza hushika maji kama sifongo, na mmea uliokosa maji hauwezi kula hata ukiwekewa karamu.

Sasa tuvuke maji kwenda Usukuma. Msukuma hakuwa mjinga wa ardhi. Kinyume chake, aliipa majina kwa uangalifu ambao wataalamu waliuazima. Kichanga cha juu karibu na mawe alikiita luseni; udongo mgumu wa mteremko, itogolo; udongo wenye chokaa, ibushi; na ule mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi, mbuga. Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani, aliyetoa mwaka 1935 nadharia ya kwamba aina za udongo hufuatana kwa utaratibu kutoka kilimani hadi bondeni kama pete za mnyororo, alipita katika nchi hizi na kuona kwamba wenyeji walikuwa wameushika mnyororo huo kwa majina yao. Msukuma alijua pia kupiga matuta na kuyageuza, nyasi zikafukiwa chini zikaoza. Aliitenga sehemu ya malisho iitwayo ngitili ili imsaidie kiangazi. Na alijua vizuri sana nguvu ya samadi, maana alipanda mahindi na tumbaku katika matongo, yaani mahali palipokuwa nyumba na zizi kabla watu hawajahama.

Matongo yanastahili neno zaidi. Ni mbinu ya kulisha mmea pasipo kubeba kitu. Badala ya kuipeleka samadi kwenye shamba, shamba huletwa juu ya samadi, na nyumba ikasogea pembeni. Mimea yenye ulafi wa naitrojeni ndiyo inayofaidika. Tumbaku ni mmoja wao. Mwingine ni bangi, ambao jina lake lilitoka Bara Hindi na ambao Richard Burton aliutaja katika kitabu chake cha mwaka 1860 juu ya safari ya kuja katika nchi za maziwa. Mrusi Nikolai Vavilov, alipochunguza asili ya mimea inayolimwa, aliona katika miaka ya 1920 kwamba bangi humfuata mwanadamu kwa hiari yake, ikajiotea penye majalala na mazizi ya kale ambako udongo umenona. Mmea huo umekatazwa na sheria katika nchi yetu, nami siutaji kwa kuupigia debe. Nautaja kwa sababu waonyesha kwamba huenda somo la kwanza la mbolea halikutoka shambani. Lilitoka nyuma ya nyumba, mahali mbegu ilipoangushwa ikaota kwa nguvu isiyotarajiwa, na mtu mwenye macho akauliza sababu.

Basi ikiwa Msukuma alijua, mbona hakubeba? Sababu ya kwanza ilikuwa nafasi. Katika nchi yake, hasa kabla ya miaka ya 1930, shamba lililochoka liliweza kuachwa na jingine likafunguliwa. Sababu ya pili aliieleza Hans Cory mwaka 1953 katika kitabu chake cha sheria na desturi za Wasukuma, ingawa hakuwa akizungumza juu ya samadi. Ardhi aliitumia mwenye kuilima, lakini alipohama ilirudi mikononi mwa ng'wanangwa, yaani mkubwa wa kijiji aliyekuwa chini ya mtemi, naye akampa mwingine. Samadi haili fedha yake kwa msimu mmoja. Katika kituo cha Ukiriguru J.E. Peat na K.J. Brown walionyesha, katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1962, kwamba shamba lililotiwa samadi huendelea kuzaa vizuri kwa misimu kadhaa baadaye. Sasa, mtu anayeweza kuhama mwaka ujao kufuata malisho ya ng'ombe wake atambebea nani tani 3? Huko Ukara shamba lilikuwa mali ya mtu, likarithiwa, tena likauzwa na kununuliwa. Kila kikapu kilichomwagwa kilimwagwa katika akiba ya mwenyewe na ya watoto wake. Na sababu ya tatu ilikuwa kuni. Miti ilipopungua katika sehemu zenye watu wengi za Usukuma, mavi makavu yalichomwa jikoni.

Serikali ya Waingereza haikuanza na maswali hayo. Baada ya vita kuu ya pili iliona mmomonyoko wa ardhi, ikaona ng'ombe wengi, ikaogopa. Mwaka 1947 ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Visima na malambo vilichimbwa, na watu wakafunguliwa nchi mpya upande wa Geita; hayo yalikuwa mema, na haifai kuyanyima haki yake. Lakini pamoja nayo zilikuja sheria ndogo ndogo zilizotungwa kwa jina la mamlaka za wenyeji: za kupunguza ng'ombe, za kupanda mihogo, za kupiga matuta ya kukingama, na za kutia samadi shambani. Aliyekosa alitozwa faini. Watemi na wasaidizi wao walilazimika kuwa polisi wa mashamba ya watu wao, na heshima yao ikaliwa na kazi hiyo.

Naona ni haki kusema kwamba kila moja ya sheria hizo, ukiitazama peke yake juu ya karatasi, ilikuwa na maana. Tuta la kukingama huzuia maji yasikimbie. Samadi huongeza mavuno. Wala hapana mtaalamu leo atakayeyakana hayo. Kosa lilikuwa katika hesabu iliyoachwa nje. Mtunga sheria alihesabu tani za pamba zitakazoongezeka, asihesabu siku za kazi zitakazotumika, wala hakuuliza siku hizo zitatolewa katika kazi gani nyingine. Katika miaka ya 1960 mchumi M.P. Collinson, aliyefanya kazi Ukiriguru, alifuatana na wakulima na kuandika kazi zao, akaona jambo ambalo wao wenyewe wangaliweza kumwambia kwa jioni moja: ushauri wa kupanda pamba mapema uligongana na wakati wa kupanda chakula, na hakuna mwenye akili atakayeacha chakula cha watoto kwa ajili ya pamba. Samadi nayo hubebwa kabla ya mvua za kwanza, wakati mtu anapotayarisha shamba, anapotengeneza nyumba na kuwatafutia ng'ombe maji mbali.

Watu walikataa, kwanza kwa kimya kisha kwa sauti. TANU, iliyoanzishwa Julai 1954, ilizuiwa kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa tangu mwaka huo mpaka 1958, na malalamiko ya ng'ombe na matuta yakawa ndiyo siasa ya watu. Ghasia za Geita za mwaka 1958 zilichochewa hasa na baraza la mseto wa mataifa ambalo watu hawakulitaka. Lakini nyuma yake kulikuwa na hasira ya miaka mingi ya faini. Kufikia wakati huo nyingi za sheria zile zilikuwa zimekwisha kulegea au kufa. Ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo Wasukuma, kwa kupenda kwao, walijenga vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria, Paul Bomani akiwa kiongozi wao, na pamba ikaongezeka mara nyingi kati ya mwaka 1950 na katikati ya miaka ya 1960. Iliongezeka kwa kupanuliwa mashamba na kwa plau ya ng'ombe zaidi kuliko kwa kuongezeka mavuno ya kila eka. Mkulima alipotaka kuitajirisha nyumba yake alimtumia ng'ombe kuvuta, wala si kunya.

Ushahidi ulioimaliza kesi hii ulitoka kwa Wakara wenyewe. Kisiwa kilipowabana, wengi walihamia Ukerewe na bara, ambako ardhi ilikuwa tele. Kama ustadi wao ungalikuwa tabia ya kabila, au bidii iliyomo katika damu kama walivyopenda kusema baadhi ya maofisa, wangaliuchukua pamoja na majembe yao. Hawakuuchukua. Waliohamia penye nafasi waliacha kuzika mbolea ya majani, waliacha kumfungia ng'ombe shimoni, wakalima mashamba mapana kwa njia nyepesi kama jirani zao. Watu walewale, wenye maarifa yaleyale, walifanya hesabu mpya mahali papya. Ukara eka ilikuwa haba na kazi ndiyo iliyopatikana. Bara eka ilipatikana na kazi ndiyo haba. Kila mmoja alitumia zaidi kile alichokuwa nacho zaidi.

Mwaka 1965 Mdenmaki Ester Boserup alichapisha kitabu kilichojenga nadharia nzima juu ya jambo la namna hii, akisema kwamba watu hawalimi kwa nguvu nyingi mpaka wingi wao uwalazimishe. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Lakini Ukara yaonyesha kwamba wingi wa watu peke yake hautoshi. Palihitajika na milki iliyo wazi, ya shamba, ya mti na ya shimo la majani. Palihitajika na maji yanayozunguka kisiwa, yaliyomzuia ng'ombe asiende mbali na kumzuia mtu asihame kwa urahisi. Ukichukua moja tu ya hayo ukaliandika katika sheria, kama ilivyotendwa Usukuma, umechukua mtungi bila maji.

Kuhusu mbegu nitasema kwa ufupi. Ukiriguru, kusini ya mji wa Mwanza, ilianza kama kituo cha majaribio ya pamba katika miaka ya 1930, na ndiko zilikotoka mbegu zinazojulikana kwa herufi UK na namba zake. Wazalishaji wa mbegu walitafuta mimea yenye majani yenye vinyweleo, ambayo wadudu wafyonzao huyachukia, na isiyoshikwa upesi na ugonjwa wa bakteria. Kazi hiyo ilikuwa kubwa na mkulima aliipokea bila kulazimishwa, kwa kuwa mbegu nzuri haina uzito kichwani kuliko mbegu mbaya. Isipokuwa mbegu iliyochaguliwa ili izae sana ina njaa kubwa kuliko mama yake. Ikipandwa katika luseni iliyochoka huonyesha sehemu tu ya uwezo wake, na hapo swali la samadi hurudi mlangoni.

Jibu la karne ya ishirini lilikuwa mfuko. Fritz Haber alipata njia ya kuikamata naitrojeni ya hewa katika maabara mwaka 1909, na kiwanda cha kwanza kikafunguliwa Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Faida yake kwa shingo ya mkulima ni dhahiri. Katika mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 mna kilo 23 za naitrojeni. Ili kupata kiasi hicho katika samadi kavu, ambayo aghalabu haina hata kilo 2 katika kila 100, itakupasa kubeba kilo zaidi ya 1,000. Wakulima wetu waliipa mbolea hiyo jina la mbolea ya chumvichumvi, kwa umbo lake, na pamoja na jina ikaja shaka kwamba yaweza kuiua ardhi kama chumvi inavyoua. Wataalamu waliicheka shaka hiyo kupita kiasi. Ni kweli kwamba mbolea hiyo si sumu. Lakini sulfeti ya amonia ikitiwa mwaka baada ya mwaka katika kichanga chepesi bila chokaa wala samadi huleta asidi, na udongo wenye asidi huinyima mizizi chakula. Mkulima alikosea katika kueleza sababu, macho yake yalikuwa sawa.

Tanzania huru ilijenga kiwanda chake cha mbolea Tanga, kilichoanza kazi mwaka 1972 na kufungwa mwaka 1991. Ruzuku ya mbolea ikaondolewa katika miaka iliyofuata, ikarudi kwa njia ya vocha tangu 2008. Katikati ya hayo, mwaka 1974, Operesheni Vijiji ilipita Mwanza na Shinyanga, na nyumba zilizokuwa zimetawanyika, kila moja kando ya zizi na shamba lake, zikapangwa kwa safu. Mambo mengi yameandikwa juu ya operesheni hiyo. Katika habari yetu yatosha kusema kwamba ilirefusha njia ya kikapu, na kwamba matongo yaliyonona yalibaki mbali na wenyewe.

Tangu miaka ya mwisho ya 1980 ziwa lenyewe limeingia katika habari hii kwa namna isiyotazamiwa. Gugumaji lilifika na kusambaa mpaka likaziba bandari na mialo ya wavuvi, likafikia kilele kuelekea mwaka 1998. Wachunguzi wa maji walieleza kwamba ziwa limelishwa kupita kiasi: naitrojeni na fosforasi kutoka mashamba yaliyomomonyoka, moshi wa nyasi na majani yanayochomwa, na uchafu wa miji vimeingia majini, mwani ukazidi, na maji ya chini yakapungukiwa hewa. Chakula kile kile ambacho luseni inakililia juu ya kilima kimejaa chini, mahali kisipotakiwa.

Ukitazama tena mashimo ya majani ya Wakara ukingoni mwa ziwa, utaona yalichimbwa mahali gani. Yalikuwa penye mwisho wa vijito na mwisho wa mteremko, pale maji yanapofika yakiwa yamebeba kile yalichokiosha mashambani kabla hayajaingia ziwani. Majani yaliyoota humo yalikinywa chakula hicho, yakakatwa, yakabebwa kichwani kupanda kilima, yakatupwa mbele ya ng'ombe katika shimo lake ndani ya nyumba.